Uzito wa Ndovu

Bibi yangu hakuwataja kwa jina usiku. Alisema tu, "Wenyewe wamefika," na sisi wajukuu tulijua la kufanya: amka, shika debe, washa kijinga, toka. Nimekulia Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, ndani ya bonde la Kilombero, na mpaka naondoka kwenda chuo cha ualimu sikuwa nimemwona tembo mchana. Nilimjua kwa sauti ya mahindi yakivunjika gizani. Hatua zake hazisikiki. Unasikia bua, kisha bua jingine, kisha lile tumbo linalonguruma kama injini iliyoachwa ikiwaka mahali mbali.

Asubuhi moja nikiwa darasa la nne, Bibi alisimama katikati ya shamba lililobaki vipande vya mabua, akavua kandambili yake, akaingiza mguu ndani ya unyayo wa tembo. Ulikuwa mpana kama sinia la wali, na maji yalikuwa yameshaanza kutuama ndani yake. Hakusema neno. Akautoa mguu, akaupangusa kwa pindo la kanga, akaenda kuchimba magimbi ili tule.

Kwa hiyo mume wangu aliponiambia kwamba kazini wanampeleka Zambia wiki tatu, likizo yangu ya Juni inaangukia humo humo, na kazi ikiisha tunaweza kuvuka mpaka Chobe, Botswana, kuona tembo, nilichukua siku mbili kumjibu. Yeye ni mtoto wa Tanga mjini. Tembo kwake ni picha kwenye noti. Sikutaka kumharibia furaha, ila sikuweza pia kujifanya kwamba naenda kuangalia kitu nisichokuwa na deni nacho.

Nilikubali kwa sharti moja: twende kwa treni.

Tulipanda TAZARA ya kawaida, si ya haraka, kwa sababu ya kawaida inasimama stesheni nyingi, na mojawapo ni ya kwetu. Vyumba vya daraja la kwanza vina vitanda vinne, wanawake hulala kwao na wanaume kwao; mke na mume wakitaka kukaa pamoja hulipia vitanda vyote vinne. Tulilipia. Tulipoingia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ile iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, twiga watatu walikuwa wamesimama karibu na njia, na abiria wote wakahamia madirisha ya upande mmoja. Mume wangu alibaki akitazama reli yenyewe. Akaniambia jambo ambalo mimi, niliyezaliwa jirani na reli hiyo, sikuwahi kulisikia: upana wake ni milimita 1,067, wakati Reli ya Kati ina upana wa mita moja. Zambia ilihitaji kutoa shaba yake baharini bila kupitia Rhodesia na Afrika Kusini ya makaburu, na reli ikajengwa kwa kipimo cha reli za kule inakokwenda. Kilomita 1,860, zilizoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa 1976.

Mwaka huo huo wa 1976, idadi ya tembo wa Selous ilikadiriwa kuwa karibu 110,000. Hesabu ya mwaka 2013, ya Selous pamoja na Mikumi, ilipata 13,000 hivi. Waliobaki nje ya hesabu waliuawa kwa ajili ya meno yao, na Bibi alilima katika miaka hiyo yote. Nililifikiria hilo njia nzima. Sisi tuliokuwa tukigonga madebe usiku, tuliokuwa na kila sababu ya kuwachukia, hatukuua hata mmoja.

Mang'ula tulifika usiku. Mama alikuwa amesimama chini ya taa ya stesheni na kapu la ndizi mbivu na chupa ya asali. Asali hiyo inatoka kwenye uzio wa mizinga: mizinga hutundikwa kwenye waya kati ya nguzo na nguzo, pembezoni mwa mashamba, na tembo akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu anamwogopa nyuki. "Hii wapelekeeni wenyeji wenu," Mama alisema akimpa mume wangu chupa. Kuhusu Chobe hakuuliza kitu. Treni ikaondoka.

Mimi hufundisha Kiswahili, na masikio yangu hayaendi likizo. Mama mmoja aliyepanda Kasama, upande wa Zambia, alikaa nasi akila ndizi zetu, na nilipomweleza tunakokwenda akacheka: "Insofu!" Hicho ni Kibemba. Lusaka kwenye kituo cha mabasi nikasikia njovu, ambacho ni Kinyanja. Livingstone wakaniambia muzovu, Kitonga. Ni ndovu yetu hii hii, imepanda treni nasi ikibadilisha nguo kila stesheni. Hata tlou ya Kitswana, ambayo kwanza ilinipita kabisa, ukiiweka kando ya indlovu ya Kizulu unaona ni wa ukoo mmoja. Wazee wetu walipotawanyika bara hili waliacha mambo mengi njiani, lakini jina la huyu mnyama walikwenda nalo kila mahali. Mtu hasahau jina la jirani anayemwamsha usiku.

Kabla ya hapo, treni ilipokaribia Serenje, nilikaa kimya kidogo. Ni huko, kijijini kwa Chitambo, David Livingstone alikofia mwaka 1873, na ndiko Abdullah Susi na James Chuma na wenzao walikoanza kuubeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo, safari iliyochukua miezi tisa. Shuleni tulifundishwa jina la aliyebebwa. Mimi wanafunzi wangu nawafundisha na ya waliobeba.

Mume wangu ni fundi wa mizani. Si ya dukani. Ni ile ya barabarani, inayopima malori. Kampuni yake ilikuwa imemtuma kuhakiki kifaa na kufundisha vijana katika kituo kimoja upande wa Zambia, kwenye njia ya Kazungula. Nilikwenda naye siku ya tatu, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita ya ndoa nikaelewa anachofanya. Lori ambalo uzito wake unajulikana kwa uhakika linapitishwa juu ya bamba, mara kumi, mara ishirini, polepole na kwa haraka kidogo, tupu na likiwa na mzigo. Kila mara tarakimu zinaandikwa kwenye daftari. Kisha kifaa kinarekebishwa, lori linapitishwa tena, mpaka mizani iseme kweli kwa kila ekseli. Anafanya hivyo siku nzima juani, bila kuinua sauti. Kijana mmoja alimuuliza kwa nini asikubali tofauti ya kilo mia moja tu. Alimjibu kwamba kilo mia za leo ni shimo la barabarani la mwakani, na ndani ya shimo hilo kuna mtu.

Malori mengi yalikuwa ya shaba. Lori refu, kitanda kikubwa, na juu yake mafungu machache mafupi ya mabamba mekundu, kama vitabu vilivyosahauliwa kwenye meza ndefu. Ungedhani halijajaa. Likipanda kwenye bamba, linasoma tani 56 kamili, kikomo kinachoruhusiwa. "Shaba huioni kwa macho," aliniambia. "Unaiona hapa." Akagusa kioo cha tarakimu kwa kidole kilichochafuka.

Dereva mmoja wa Lubumbashi alifurahi kusikia Kiswahili mahali pale, akateremka kutusalimu. Tulimpa chai na kijiko cha asali ya Mama. Alikuwa akielekea Afrika Kusini kupitia Botswana, na alisema kipande anachokiogopa si mpaka wala trafiki, ni barabara ya kutoka Kazungula kwenda Nata, karibu kilomita 300 za pori, ambako tembo husimama katikati ya lami usiku, weusi juu ya weusi. Taa zikimpata umeshachelewa. Jua likizama, yeye anaegesha.

Maporomoko ya mto Zambezi tuliyaona Jumapili, na nitasema machache kwa kuwa yameshasemwa sana. Upana wake ni mita 1,708. Juni maji bado ni mengi. Tulilowa mpaka kwenye mifupa na nusu ya muda hatukuona chochote ila weupe. Wenyeji wanayaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, na mtu wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa neno la kwanza. Jioni baridi ya huko ilituingia, tukalala na masweta.

Kazi ilipoisha, tulivuka daraja la Kazungula. Hapo mto Zambezi unakutana na mto Chobe, na nchi nne zinakaribiana kama watu wanaotaka kunong'onezana: Zambia, Botswana, Namibia, Zimbabwe. Zamani ilikuwa kivuko cha pantoni, na malori yalisubiri siku nyingi. Daraja lilifunguliwa Mei 2021, mita 923, na si nyoofu. Limepinda katikati ya mto, kwa sababu lingenyooka lingegusa Zimbabwe. Mume wangu alimwomba dereva wa teksi apunguze mwendo. Alilitazama lile pindo lote kwa uso wa mtu anayesikiliza taarabu.

Kasane ni mji mdogo, na ngiri wanatembea mjini humo kama mbuzi wa mtaani. Tulifikia kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja wa rika langu, Msubiya, mwenyeji wa Kachikau, kijiji kilicho magharibi zaidi, ukivuka hifadhi. Nilimwita Mma kama inavyotakiwa huko, naye akamwita mume wangu Rra. Alitupangia boti ya saa tisa alasiri.

Sasa nifike kwenye mto.

Katikati ya Chobe kuna kisiwa cha nyasi, bapa, hakina mti wa maana. Botswana wanakiita Sedudu, Namibia wanakiita Kasikili, na nchi hizo mbili zilikipeleka Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ambayo Desemba 1999 iliamua kuwa ni cha Botswana. Bendera ya samawati imesimamishwa pale. Nyasi za kisiwa ni mbichi hata kiangazi, na tembo wanaokuja kunywa maji upande wa Botswana huogelea kuzifuata.

Walikuja thelathini hivi. Walitelemka ukingoni kwa mstari, vumbi likipanda nyuma yao, na nahodha akazima injini. Mwili wangu ulikuwa na umri wa miaka tisa. Viganja vyangu vilitafuta debe. Mkubwa wao, jike mwenye sikio lililochanika, aliingiza mguu wa mbele majini, akasimama, akainua mkonga upande wetu. Kisha akaingia. Maji yakamfika tumboni, mgongoni, halafu hakukuwa na tembo tena, kulikuwa na mkonga tu umesimama juu ya mto, na nyuma yake mwingine, na mwingine. Kati ya mama na mwingine aliyefuata ubavuni alikuwamo mtoto. Alizama. Nilihesabu, sijui nilifika ngapi. Kamkonga kakatokea, kakapumua, kakazama tena. Mama yake akamsukuma kwa ubavu, na kila alipozama yule mwingine alikuwa upande wa pili kuuzuia mkondo usimchukue.

"Majini hawana uzito," mume wangu alisema taratibu. Mtu anayepima mizigo kwa riziki, na machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyafuta.

Walipofika ng'ambo walianza kula palepale. Mmoja alikuwa karibu nasi kiasi cha kumwona kope. Alishika fungu la nyasi kwa mkonga, akaling'oa na mizizi yake, halafu hakulitia mdomoni. Alilipiga majini, mara moja, mara mbili, akalikung'utia kwenye goti, mpaka tope lote likatoka. Ndipo akala. Akang'oa jingine, akaliosha tena vilevile. Nilimjua mtu aliyeosha magimbi hivyohivyo kwenye mfereji wa Mang'ula, kwa mikono miwili, bila haraka, ilhali wajukuu saba wanasubiri.

Sikuwasamehe siku hiyo. Nataka niseme hivyo waziwazi, maana msamaha ndio hadithi ambayo watu hupenda kuisikia. Shamba la Bibi lililiwa, na njaa ya mwaka ule naikumbuka. Lakini nilikuwa nimeishi nao kama sauti gizani, na sasa walikuwa na nyuso.

Usiku huo Mma alikaa nasi jikoni. Nilimweleza habari za Mang'ula, naye akaacha kukata kabichi. Mama yake bado analima mahindi Kachikau. Wanatundika vitambaa vilivyochovywa kwenye mafuta na pilipili, wanachoma kinyesi cha tembo kilichochanganywa na pilipili ili moshi uwafukuze, na bado msimu mwingine wanavuna theluthi. Jioni hawatoki, jirani yao alikanyagwa akirudi nyumbani kwenye magugu marefu. Serikali hulipa fidia kwa mazao, alisema, ila fidia hailiwi kwa mchuzi. Eneo la hifadhi la nchi tano, linalounganisha Angola, Botswana, Namibia, Zambia na Zimbabwe, lilihesabiwa mwaka 2022 na kukutwa na tembo takribani 227,900, na zaidi ya nusu yao wako Botswana. Nchi hiyo ilipiga marufuku uwindaji mwaka 2014, ikauruhusu tena 2019, na kila uamuzi ulileta makelele kutoka kwa watu ambao hawajawahi kulala Kachikau.

"Wageni huniuliza kama tunawapenda tembo au tunawachukia," alisema. "Nani amewahi kuulizwa kama anaipenda mvua?" Kisha akaonyesha jiko, friji, vitanda vinne vya wageni. "Tembo wanakula kwa mama yangu. Mimi nakula kwa tembo."

Kwetu fidia ya namna hiyo inaitwa kifuta jasho, na kwa aliyeumizwa au kufiwa, kifuta machozi. Aliyeyabuni majina hayo alikuwa mkweli: jasho linafutwa, mahindi hayarudi. Enzi za Bibi hatukujua hata dai linapelekwa wapi. Mimi sitaki tembo waishe. Nimesoma zile tarakimu za Selous na zinaniuma. Ila wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na dunia nzima inayowapenda tembo imewawekea mzigo huo mama wawili, mmoja Kachikau na mmoja Mang'ula, halafu inashangaa wanapolalamika. Anayelipa ili kuwaona, na mimi sasa ni mmoja wao, inafaa fedha yake ifike kwa anayelala macho kulilinda shamba lake mwenyewe dhidi yao.

Asubuhi ya kuondoka, Mma alituita uani. Karibu na bomba, kwenye mchanga, palikuwa na nyayo. Walipita usiku, hatua chache kutoka dirisha letu, na hakuna aliyesikia. Mume wangu alipiga magoti, akapima kwa shubiri. Akafanya hesabu yake kwa sauti: dume la tani sita, nyayo nne pana kiasi hiki, na chini ya kisigino kuna mto wa mafuta unaotandaza uzito, tairi la lori linaikandamiza ardhi kwa nguvu mara kadhaa zaidi. "Ndiyo maana hamkuwasikia," alisema, akimaanisha miaka ile. Nilivua kiatu nikaweka mguu wangu ndani. Mchanga ulikuwa baridi. Palibaki nafasi ya kutosha miguu mingine miwili.

Wakati wa kurudi tuliteremka Mang'ula, tukakaa siku nne. Jioni ya kwanza Mama alitupikia wali na kisamvu, akauliza habari za mizani, za baridi, za yule dereva aliyekula asali. Tulipomaliza kula nilimwonyesha simu. Alivaa miwani. Aliangalia kundi likiingia mtoni, mikonga ikisimama juu ya maji, wala hakusema kitu. Nje, mizinga ilikuwa imetulia kwenye waya. Picha ikafika mwisho.

"Rudisha nyuma kidogo," alisema. "Pale kanapozama."